Jina la Mungu Juu ya Pesa: Je, Tunamtendea Haki Asiyeamini Kama Sisi?

 

Katika toleo hili tunapenda tufikiri pamoja juu ya kitu ambacho kila mmoja wetu anakishika mkononi lakini ni wachache wanaokitazama: maandishi yaliyo juu ya pesa. Sisi tunaoishi upande huu wa Gisenyi, katika wilaya ya Rubavu, tunajua pesa za aina nyingi. Mama anayevuka Petite Barrière asubuhi kwenda Goma na kurudi jioni anaweza kushika kwa siku moja faranga za Rwanda, faranga za Kongo na dola za Marekani. Na wale wenye jamaa katika kambi za Uganda, kama Nakivale na Kyangwali, wanazifahamu shilingi za huko pia.

Dola ndiyo inayochunguzwa kuliko zote. Wafanyabiashara wa Goma huishika juu kwenye mwanga kama daktari anayetazama picha ya mgonjwa. Je, imechanika? Je, ina alama ya kalamu? Je, si ya zamani mno? Noti ya dola moja wengi hawaitaki kabisa. Lakini hatujasikia hata siku moja mtu aliyeikataa dola kwa sababu ya maneno yaliyoandikwa nyuma yake kwa Kiingereza, ambayo maana yake ni: Tunamtumaini Mungu.

Hapo ndipo swali letu linapoanza. Je, ni haki nchi kuandika jina la Mungu juu ya pesa ambayo watu wote wanalazimika kuitumia, hata wale wenye imani nyingine na wale wasio na dini? Na sisi Wakristo, tukipewa nafasi ya kuamua, je, tuombe jina hilo liandikwe? Mtu asiseme kwamba swali hili ni la wakubwa tu. Tutaona mwishoni kwamba linaingia mpaka ndani ya sanduku letu la akiba.

Pesa za majirani zinasema nini

Tuanze na zilizo karibu. Nembo ya Rwanda inayotumika tangu mwisho wa mwaka 2001 ina maneno matatu ya Kinyarwanda: Ubumwe, Umurimo, Gukunda Igihugu, yaani Umoja, Kazi na Kuipenda Nchi. Jina la Mungu halimo, ingawa Wanyarwanda walio wengi sana ni Wakristo, na ingawa wazee wao wana msemo wa kale kwamba Mungu hushinda kwingine mchana, lakini usiku hurudi kulala Rwanda. Katiba ya mwaka 2003, na ile iliyorekebishwa mwaka 2015, zote zinaeleza kwamba Jamhuri haifungamani na dini yoyote.

Kongo nayo ina maneno matatu: Haki, Amani, Kazi. Katiba yake ya tarehe 18 Februari 2006 inamtaja Mungu katika utangulizi, ikisema kwamba wananchi wanatambua wajibu wao mbele zake. Lakini ibara ya kwanza inasema dola ya Kongo haina dini. Tanzania inasema Uhuru na Umoja. Wimbo wao wa taifa ni sala tangu mwanzo, lakini maneno ya nembo hayamtaji Mungu, na Katiba yao inaitambua nchi kuwa isiyokuwa na dini.

Uganda ndiyo jirani aliyefanya tofauti. Tangu uhuru wa mwaka 1962, utepe ulio chini ya nembo yao una maneno ya Kiingereza yenye maana hii: Kwa Mungu na Nchi Yangu. Nembo hiyo imegongwa juu ya sarafu za shilingi, na ukiwa na macho mazuri utayasoma maneno hayo. Hata hivyo Katiba yao ya mwaka 1995, ibara ya 7, inakataza kuwa na dini ya taifa. Basi mnaona kwamba nchi jirani, zenye watu wanaosali kwa namna zinazofanana, hazikuchagua njia moja.

Ni nani anayesema?

Wako wanaodhani kwamba desturi hii ilianzia Marekani. Sivyo. Katika pwani ile ambako lugha yetu ya Kiswahili ilitoka, masultani wa Kilwa walikuwa wakitoa sarafu ndogo za shaba karne nyingi kabla Mreno hajafika. Sarafu moja inayojulikana sana ina jina la mtawala upande mmoja, Ali bin al-Hasan. Upande wa pili kuna maneno ya Kiarabu yenye vina, yanayosema kwamba yeye anamtumaini Bwana wa fadhila. Biashara ya Kilwa ilifika mbali, na sarafu ya Kilwa imeokotwa hata Great Zimbabwe, bara kabisa, mbali sana na bahari.

Ndugu msomaji, linganisha sarafu hiyo na dola. Zote mbili zinasema habari ya kumtumaini Mungu, lakini anayesema si yule yule. Katika sarafu ya Kilwa anayetumaini ni Ali. Ametaja jina lake, na ameshuhudia imani yake mwenyewe. Aliyeipokea sarafu hiyo, awe Mwislamu au asiwe, alijua kwamba ni Ali anayetumaini, wala hakuhesabiwa ndani ya maneno hayo. Katika shilingi ya Uganda yapo maneno "nchi yangu", kila mtu kwa nafsi yake. Lakini katika dola wanaosema ni "sisi". Sisi gani?

Tunajua uzito wa neno hilo, kwa maana hata ukurasa huu tunauandika kwa "sisi". Tukisema "sisi" hapa, tunamaanisha waumini waliokuja kwa hiari yao, ambao wanaweza kutuandikia wakatukosoa, na ambao wakitaka kuondoka mlango uko wazi. "Sisi" ya pesa haina mlango. Inamhesabu Mkristo na Mwislamu, anayefuata mila za mababu, na asiyeamini kitu. Hakuna aliyemuuliza. Na auzaye hana budi kuipokea pesa ya nchi yake. Hawezi kusema atangoja noti nyingine yenye maneno mengine.

Hapo ndipo tunapoona ugumu wa jambo hili. Jina la Mungu halina ubaya wowote. Ubaya ni kuweka ushuhuda katika kinywa cha mtu ambaye hakuutoa.

Jinsi maneno yalivyoingia katika dola

Tuangalie sasa Wamarekani walivyofika hapo. Mwezi wa Novemba 1861 mchungaji mmoja wa Pennsylvania, M. R. Watkinson, alimwandikia waziri wa fedha, Salmon P. Chase, akiomba Mungu atambuliwe juu ya sarafu za nchi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimeanza mwaka huo huo. Mchungaji aliogopa kwamba nchi ikiangamia, watu wa baadaye watadhani lilikuwa taifa la wapagani. Waziri alikubali, na mwaka 1864 maneno yale yalitokea kwa mara ya kwanza katika sarafu ya senti mbili.

Lakini kumbukeni jambo moja. Upande wa kusini, waliokuwa wakipigania kubaki na watumwa, nao waliandika jina la Mungu katika muhuri wao, wakidai kwamba Mungu ndiye mtetezi wao. Katika nchi ile wakati ule walikuwako watumwa wapatao milioni nne. Pande zote mbili zilikuwa na Mungu katika maandishi. Mtumwa aliyekuwa akilima pamba angeambiwa nini? Kwake jina la Mungu juu ya chuma halikufungua mnyororo.

Baadaye, mwaka 1907, Rais Theodore Roosevelt aliruhusu sarafu mpya za dhahabu zitoke bila maneno hayo. Watu wengi walimshambulia wakidhani anampinga Mungu. Yeye alijibu kwamba sababu yake ni heshima: maneno makubwa kama hayo yakiwekwa juu ya pesa yanashushwa thamani, na watu wanayafanyia mzaha. Bunge halikukubaliana naye, likayarudisha mwaka 1908. Kisha, wakati wa ushindani na Wasovieti, ambao serikali yao haikumkubali Mungu, ikatoka sheria ya mwaka 1955 ya kuyaandika juu ya pesa zote. Mwaka 1956 yakawa kaulimbiu ya taifa, na kuanzia mwaka 1957 yakaonekana katika noti za karatasi.

Baadhi ya raia walikwenda mahakamani. Mwaka 1970 mahakama moja ya rufaa, katika kesi ya Aronow, iliwakatalia. Sababu iliyotolewa inapasa kutufikirisha sisi tunaosali. Mahakama ilisema kwamba maneno hayo ni ya kizalendo na ya sherehe tu, hayana nguvu ya ibada, wala hayaifanyi serikali kusimamia dini. Yaani, ili maneno yaendelee kukaa juu ya dola, ilibidi isemwe kwamba hayamwombi Mungu. Kanisa lilidhani limepata, kumbe limepoteza. Amri ya tatu inatukataza kulitaja bure jina la Bwana. Je, kuna kulitaja bure kuliko kuliandika mamilioni ya mara, kisha kutetea kwamba halikukusudiwa kuwa ibada?

Uganda na maneno yaliyobaki

Turudi kwa jirani. Idi Amin alitawala Uganda kuanzia Januari 1971 hadi Aprili 1979. Katika miaka hiyo yote nembo haikuondolewa maneno yake. Mungu na nchi yangu viliendelea kusomwa. Mwaka 1972 watu wenye asili ya Asia, wakiwemo Wahindu, Masingasinga, Waislamu na hata Wakristo, walifukuzwa nchini kwa muda wa siku 90. Mwezi wa Februari 1977 aliuawa Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Anglikana. Na mwezi wa Septemba mwaka ule ule, serikali ilipiga marufuku makundi ya dini zaidi ya 20, kiasi kwamba waumini wengi walisali kwa kujificha ndani ya nyumba.

Hatusemi kwamba maneno ya nembo ndiyo yaliyoleta mateso hayo. La hasha. Tunasema tu kwamba hayakuyazuia. Mtu aliyekuwa akijificha ili asali alikuwa na sarafu mfukoni yenye jina la Mungu. Maandishi hayakumlinda mwenye imani ndogo wala mwenye imani kubwa, kwa sababu anayelinda haki ya mtu ni mwanadamu mwenye kumcha Mungu na sheria iliyo ya kweli. Chuma hakimchi Mungu.

Dinari iliyoletwa kwa Yesu

Sasa mtatuuliza: Je, tukiona jina la mungu wa wengine juu ya pesa, au jina la Mungu wetu limetumiwa vibaya, tuikatae pesa hiyo? Tusome Mathayo 22. Wale waliotaka kumtega Yesu kuhusu kodi walimletea dinari. Yesu aliwauliza habari ya mambo mawili: sura, na maandishi. Wataalamu wengi wanaona kwamba ilikuwa dinari ya Kaisari Tiberio. Maandishi yake yalimwita Tiberio mwana wa Augusto aliye mungu, na upande wa nyuma yalimtaja kuwa kuhani mkuu. Kwa Myahudi hayo yalikuwa makufuru ya wazi. Hata shekeli za Tiro, zilizotumika kulipia kodi ya hekalu, zilikuwa na sura ya Melkarti, mungu wa watu wa Tiro.

Yesu alifanya nini? Hakuitupa dinari. Hakumhukumu aliyeileta. Tena hakuomba yafutwe maandishi ya Kaisari yaandikwe ya Mungu wa Israeli. Aliwajibu kwamba kilicho cha Kaisari kirudi kwa Kaisari, na kilicho cha Mungu kirudi kwa Mungu. Walimu wa Kanisa tangu zamani walielewa hivi: dinari ina sura ya Kaisari, basi ni yake. Lakini ni kitu gani kina sura ya Mungu? Kitabu cha Mwanzo kinajibu: mwanadamu. Mungu amekwisha kugonga muhuri wake, na hakuugonga juu ya shaba wala karatasi. Aliugonga juu ya mtu, wala hakuchagua Wakristo peke yao.

Wapendwa, jambo hili likieleweka, mengine yanakuwa mepesi. Anayetaka kuliheshimu jina la Mungu mahali lilipoandikwa kweli, na amheshimu jirani yake Mwislamu, na jirani yake asiye na dini.

Wanaotetea nao wana hoja

Tusiwadharau wanaofikiri kinyume, maana wapo hata kati yetu. Wa kwanza husema: "Mungu ni mmoja kwa wote. Mwislamu anamwita Mungu, Mkristo anamwita Mungu, wazee walimwita Imana au Nyamuhanga. Anaumia nani?" Hoja hii ina ukweli, na ndiyo maana Waislamu wa Uganda wanaweza kuyasoma maneno ya nembo bila kuona ni ya Wakristo peke yao. Lakini tujipime. Kama kesho noti ya nchi ingeandikwa ile shahada ya Waislamu, sisi tungesema Mungu ni yule yule, tukanyamaza? Wengi wetu tungeona tumesemewa jambo tusilolikiri. Basi kile ambacho kingetuumiza sisi, tusimwekee mwingine kwa sababu tu sisi ni wengi.

Wa pili husema: "Maneno hayo yanamkumbusha mtu kuwa mwaminifu." Tungefurahi kama ingekuwa hivyo. Lakini dola hiyo hiyo imelipia rushwa, imelipia risasi, imelipia madini yaliyochimbwa na watoto katika milima yetu. Haikuwahi kumkataa aliyeishika.

Wa tatu husema: "Kuyaondoa ni kumkana Mungu." Hapa tuwe waangalifu. Kufuta ni jambo moja, na kutoandika ni jambo lingine. Nchi yenye maneno ya zamani ina historia yake, na kuyafuta kwa nguvu kunaweza kuwaumiza waliyoyapenda, kana kwamba wanaambiwa imani yao ni aibu. Hatuwaamrishi Waganda wala Wamarekani. Lakini ambako hayakuandikwa, kama hapa Rwanda na kule Kongo, hakuna aliyemkana Mungu. Makanisa ya Gisenyi na Goma yanajaa kila Jumapili bila msaada wa sarafu.

Kanuni mbili

Kutokana na hayo yote tunaona kanuni mbili. Ya kwanza: anayepokea avumilie. Pesa yenye maneno ya imani isiyo yetu haitutii unajisi. Tuitumie kwa dhamiri safi kama watu walivyoitumia dinari, wala tusiwe wepesi wa kuona kosa katika kila alama.

Ya pili: anayetoa ajizuie. Mwenye mamlaka ya kuchapa pesa, au kitu chochote ambacho wote hawana budi kukitumia, asikitumie kusema imani kwa niaba ya wote. Wimbo unaweza kunyamaziwa. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliwapa haki wanafunzi Mashahidi wa Yehova walioadhibiwa shuleni kwa sababu hawakuimba wimbo wa taifa. Lakini pesa hainyamaziwi, kwa maana asiyeishika hali. Tangu msaada wa chakula ulipoanza kugeuzwa kuwa pesa kwa wakimbizi wa Rwanda, kwanza katika kambi ya Gihembe mwaka 2014, sisi tunalijua hilo kuliko wengi.

Wakenya walionyesha kujizuia kwa namna yao. Miaka mingi pesa zao zilikuwa na sura za marais. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 231, ikakataza sura ya mtu yeyote. Katika sarafu zilizotoka mwaka 2018 wakaweka twiga, kifaru, simba na tembo. Hakuna aliyedharauliwa, na hakuna awezaye kusema pesa ile ni ya kwao peke yao. Ikiwa tunaweza kuondoa sura ya mtu ili wote wajione wamo, kwa nini tuone vigumu kutoweka ungamo la imani?

Wengine watasema kanuni ya pili ni ya kiserikali, si ya kikristo. Sisi tunaona ndiyo ya kikristo hasa, maana inatoka katika ile kanuni ya kumtendea mwenzako kama unavyotaka akutendee. Na inatufaa sisi wakimbizi kwa namna ya pekee. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 17 Januari 2002, na tena tarehe 22 Mei 2021, watu wa Goma walivuka kuingia Gisenyi kwa maelfu. Anayekimbia hachagui dini ya mlango atakaobisha.

Imani iliyoonekana hapa Gisenyi

Mji huu una ushuhuda ambao hautaki kuandikwa juu ya pesa. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari yaliyofanyiwa Watutsi, nchi iliyokuwa na misalaba kila kilima ilimwaga damu hata ndani ya makanisa, kama Nyamata na Ntarama. Tunalisema kwa huzuni, sisi watu wa kanisa. Wakati huo huo Waislamu wengi waliwaficha majirani zao bila kuwauliza dini.

Hapa Gisenyi alikuwako Félicité Niyitegeka, mtumishi wa Kanisa Katoliki katika kituo cha Saint Pierre. Yeye mwenyewe hakuwa akitafutwa. Aliwaficha waliokuwa wakitafutwa na kuwasaidia wengine kuvuka mpaka usiku. Ndugu yake, aliyekuwa afisa wa jeshi, alimsihi ajiokoe, akakataa kuwaacha. Aliuawa pamoja nao tarehe 21 Aprili 1994, na Rwanda imemhesabu kati ya mashujaa wa daraja la Imena. Mama huyu alisema kwamba anamtumaini Mungu, na alilisema kwa nafsi yake, kwa gharama yake mwenyewe. Hakumsemea mwingine. Ushuhuda wa namna hiyo hakuna serikali inayoweza kuutoa kwa niaba ya raia.

Na sanduku letu je?

Tulisema swali litafika mpaka kwenye sanduku la akiba. Katika kikundi kimojawapo, ambacho wengi wanakiita likelemba, limetolewa wazo kwamba muhuri na vitabu vya wanachama viandikwe maneno ya kumkiri Kristo. Walio wengi ni watu wa makanisa, na nia yao ni njema. Lakini kuna wamama Waislamu wanaoweka akiba humo kila juma, na kuna wazee wasiosali popote. Mama akija kukopa pesa za dawa ya mtoto, kitabu anachopaswa kutia kidole kitakuwa kimemsemea imani. Atatia, kwa sababu mtoto ni mgonjwa. Je, hapo tumemhubiria, au tumemlazimisha?

Ushauri wetu ni huu. Kikundi cha kanisa, kinachokusanya sadaka za waumini peke yao, kiandike jina la Bwana kwa furaha. Hilo ni letu, na hakuna wa kutuzuia. Lakini kikundi cha wote kiandike neno ambalo wote wanaweza kulisema, kama vile umoja, kazi au uaminifu. Sala ya kufungua mkutano iombwe na anayetaka, na asiyetaka angoje bila kutazamwa vibaya. Kisha mhasibu Mkristo asiibe hata faranga 100, na mgawo wa faida uwe sawa kwa yule mama Mwislamu na kwa mke wa mchungaji. Hapo yule mama atasoma habari za Kristo mahali ambapo hazikuandikwa.

Maswali ya kujadili katika vikundi vya nyumbani

1. Someni Mathayo 22:15-22. Kwa nini Yesu hakudai maandishi ya dinari yabadilishwe?

2. Kati ya vitu tunavyotumia pamoja na majirani wa imani nyingine, ni kipi tumekisemesha imani yetu bila kuwauliza?

3. Kama sisi tungekuwa wachache mahali hapa, tungewaomba walio wengi watutendee namna gani?